Je, kichwa changu hakiiwezi anatomia, au ninaisoma vibaya?

*"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili katika chuo kikuu kikubwa, nasomea biolojia ya seli na sayansi ya anatomia. Ukumbini tuko zaidi ya 400. Sekondari nilikuwa wa kwanza darasani, lakini mtihani wa vitendo wa muhula uliopita nimepata 38 kwa 100, na nilisoma kwelikweli: daftari nililirudia mara nne, kila jina nikalipigia mstari. Nikifika kwenye kituo cha mtihani, majina yote yananitoroka. Histolojia, yaani kusoma tishu kwa hadubini, ndiyo inanimaliza zaidi, kila slaidi naiona zambarau na waridi tu. Tena nitasema ukweli, chumba cha kupasulia maiti kinanikosesha usingizi. Wenzangu wanasema anatomia ni kukariri, mwenye kichwa anapita na asiye nacho ahame, na kwamba usipoendelea na udaktari shahada hii haina kazi. Fomu za kubadilisha programu zinafungwa baada ya wiki tatu. Nihame?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza kama uhame, lakini ndani ya swali hilo kuna mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kama kichwa chako kinaiweza kozi hii, kama utakizoea chumba cha kupasulia, na kama shahada hii ina kazi mbele yake. Yote nitayajibu, ila la kwanza nitakaa nalo zaidi, kwa sababu naamini ndilo linalokusukuma kwenye hiyo fomu, na ndilo ulilopotoshwa zaidi.

Nimesimamia mitihani ya vituo kwa miaka mingi. Kengele inalia, mwanafunzi anahama meza, anakuta pini imechomwa mahali na karatasi yenye maneno mawili: "Taja hiki." Wa aina yako nimewaona wengi. Wamekesha, daftari limepigwa mistari ya rangi tatu, na kituo cha kwanza wanakiendea kwa matumaini. Wakifika cha tano, kalamu inatetemeka. Ukizungumza nao baadaye nje wanakwambia, "Mwalimu, kwenye daftari kila nilipoliona jibu nilikuwa nalijua." Na kweli walilijua, kwa maana ya kulitambua likiwa mbele ya macho. Mtihani haukuwauliza hivyo.

Kutambua na kukumbuka ni kazi mbili. Unaporudia daftari mara ya nne, jicho linateleza, kila jina ni sura uliyoizoea, na ubongo unauchukua wepesi huo kuwa ndio ujuzi. Lakini safari ya kutoka kwenye ule uzi mweupe ulio chini ya pini hadi kwenye jina lake hujaifanya nyumbani hata mara moja. Unaifanya kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, una dakika moja tu, na mwenzako anasubiri nyuma yako. Ingekuwa ajabu kama jina lingekuja.

Lipo jaribio moja ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kulikumbuka. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha matokeo yake. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani jozi 40 za maneno, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, neno kama "mashua" pamoja na maana yake. Wote walijifunza mpaka kila neno wakawa wamelipata angalau mara moja. Tofauti ilikuja baada ya hapo: kuna walioendelea kujipima maneno yote, na kuna walioacha kujipima neno mara tu walipolipata, wengine wakiendelea kulisoma tu. Wiki moja baadaye, walioendelea kujipima walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha kujipima walikumbuka kama theluthi moja hivi, na kuendelea kulisoma neno hakukuwaongezea kitu cha maana. Kuna jambo jingine ambalo ndilo hunigusa mimi kuliko yote. Kabla ya mtihani wa mwisho waliulizwa wanadhani watakumbuka maneno mangapi, na makundi yote yakakisia takriban nusu. Hakuna aliyehisi tofauti iliyokwisha kujengeka kichwani mwake. Ndiyo maana nawe, ulipomaliza kurudia mara ya nne, ulijiona uko tayari.

Kwa hiyo ile kalamu ya kupigia mstari iweke kando. Chukua karatasi tupu, funga kitabu, chora mkono kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. Mchoro uwe mbaya vyovyote utakavyokuwa, lakini uweke ateri, neva na misuli unayoikumbuka. Ukikwama, usikimbilie kitabu. Kaa na kule kukwama dakika nzima, ukijaribu. Hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika. Kisha fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, funga tena. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Nakutahadharisha kwamba siku za kwanza utajiona hujui kitu, pengine kuliko ulivyojiona ulipokuwa na daftari lako la rangi. Vumilia. Hiyo karatasi yenye mapengo inakuonyesha hali halisi, na unaiona ukiwa bado na muda wa kuiziba.

Wenzako wanaosema anatomia ni kukariri, kuna nusu ya ukweli hapo. Mifupa 8 ya kifundo cha mkono na neva 12 za kichwa hazina hila, lazima uzishike. Lakini hata majina yenyewe mengi ni ramani. Chukua ule msuli wa shingo wenye jina linalotisha, sternokleidomastoidi. Sterno ni kidari, kleido ni mtulinga, mastoidi ni kile kinundu cha mfupa nyuma ya sikio. Jina limeshakwambia msuli unaanzia wapi na unaishia wapi. Sasa weka vidole upande wa kushoto wa shingo yako, geuza uso kulia. Umeusikia ukikaza? Ukishaujua mwanzo wake na mwisho wake, kazi yake huhitaji kuikariri: msuli wa kushoto ukijifupisha, unakivuta kile kinundu cha nyuma ya sikio kuja mbele, na uso hauna budi kwenda kulia. Jina, mahali na kazi vimekuwa kitu kimoja.

Sasa nije kwenye zambarau na waridi, kwa sababu hapo ndipo nilipotamani ningekuwa nimekaa nawe kwenye hadubini.

Slaidi nyingi utakazopewa zimetiwa rangi mbili, hematoksilini na eosini. Hematoksilini, ambayo asili yake ni ubao wa ndani wa mti mmoja wa Amerika ya Kati, hushika mahali penye chaji hasi, yaani palipojaa DNA na RNA, ikapafanya zambarau inayokaribia buluu. Eosini hushika zaidi protini zenye chaji chanya, ikapaacha waridi. Kwa hiyo rangi inakwambia mahali hapo pana kemikali gani. Ukiichukulia kama pambo, slaidi zote zitafanana. Ukiiuliza "hapa kuna nini kwa wingi?", zinaanza kusema.

Omba slaidi ya kongosho. Anza na lenzi ya nguvu ndogo kabisa. Najua wanafunzi huiona inapoteza muda, lakini aliyekimbilia lenzi kubwa ni kama mtu anayetafuta nyumba akiwa ameweka pua ukutani. Utaona uwanja wa vishada vidogo vilivyobanana, na hapa na pale kisiwa kilichopauka. Visiwa viache kwanza, tutavirudia. Peleka kishada kimoja katikati ya duara la kuonea, kisha panda hadi lenzi ya 40. Utakuta seli zimejipanga kuzunguka nafasi ndogo, kila moja ina umbo la piramidi, ncha imeelekea ndani. Sasa chagua seli moja tu. Upande wake wa chini, ulio nje ya kishada, ni wa zambarau, na zambarau hiyo imevuka mipaka ya kiini. Upande wa ncha umejaa chembechembe za waridi.

Kwa nini chini zambarau? Kwa sababu kuna retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, iliyosheheni ribosomu, vile vijiwanda vidogo vya kutengeneza protini, na ribosomu zina RNA. Kwa nini ncha ni waridi? Kwa sababu kuna vifuko vilivyojaa protini iliyokwisha tengenezwa, nayo ni vimeng'enya vya kusaga chakula vinavyosubiri kutolewa. Kwa macho yako, katika seli moja, umeona kiwanda upande mmoja na ghala upande wa pili. Katikati yake kuna vifuko vya Golgi, vinavyoifungasha protini hiyo, ambavyo kwenye slaidi hii havionekani vizuri. Njia hiyo nzima ilifuatiliwa na George Palade na wenzake, hasa miaka ya 1960, kwa kuzipa seli za kongosho asidi amino zenye mnururisho kwa muda mfupi, kisha kutazama mnururisho umefika wapi kadiri dakika zilivyopita: kwanza kwenye retikulamu, baadaye kwenye Golgi, mwisho kwenye vile vifuko vya nchani. Mwaka 1974 Palade alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na Albert Claude na Christian de Duve. Kile kinachofundishwa siku ya Jumanne kwenye biolojia ya seli kama "njia ya utoaji wa protini" ndicho hicho ulichokiona Alhamisi kwenye slaidi ukakiita zambarau na waridi.

Usiishie hapo. Toka nje ya seli, ufuate vimeng'enya. Vinaingia kwenye mrija mdogo, kisha mkubwa, kisha mrija mkuu wa kongosho unaokwenda kukutana na mrija wa nyongo na kufungukia kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Kichwa cha kongosho kimekaa ndani ya mkunjo wa duodeni kama kitu kilichokumbatiwa, na mrija wa nyongo unapita nyuma yake au ndani yake. Ukishaliona hilo kwenye mwili, mambo ya wodini yanajieleza. Uvimbe wa kichwa cha kongosho unaubana mrija wa nyongo, macho ya mgonjwa yanageuka manjano. Uvimbe wa mkia, ulio mbali kule karibu na wengu, unaweza kukaa muda mrefu bila kujulikana. Kijiwe cha nyongo kikikwama pale mirija inapokutana, kongosho linaweza kuvimba, kwa sababu vile vimeng'enya, ambavyo kwa kawaida hutoka vikiwa vimelala na kuamshwa utumboni, vinaamka vingali nyumbani na kuanza kulisaga kongosho lenyewe. Na kwa kuwa kongosho limelala nyuma ya utando wa tumbo, karibu na uti wa mgongo, maumivu yanachoma hadi mgongoni, na mgonjwa huinama mbele akitafuta nafuu.

Mwanzo wake je? Katika kiinitete kongosho huchipuka mara mbili kutoka kwenye utumbo, chipukizi moja nyuma na nyingine mbele. Ile ya mbele huzunguka pamoja na mrija wa nyongo mpaka ikaungana na mwenzake. Ndiyo sababu mirija hiyo miwili inafungukia mahali pamoja, na ndiyo sababu pia, mzunguko huo ukienda vibaya, mtoto anaweza kuzaliwa kongosho limeizunguka duodeni kama pete na kuibana.

Nimekaa sana kwenye kongosho kwa makusudi. Biolojia ya seli, histolojia, anatomia na embriolojia (ukuaji wa kiinitete) umepewa kama masomo manne, kwa ratiba nne na wahadhiri wanne, ukayaweka kwenye madaftari manne. Mwilini hayajatenganishwa. Shika ogani moja kwa wiki, uipitie kuanzia seli hadi majirani zake na mwanzo wake, na utashangaa majina mangapi yanabaki bila kusukumwa. Jina lenye sababu tatu za kuwepo haliondoki kirahisi kama jina lililoandikwa tu kwenye orodha.

Kuna mambo mawili madogo ya histolojia yanayowapotezea wanafunzi alama, niyaseme kabla sijasahau. La kwanza, kipande cha tishu kwenye slaidi kina unene wa kama mikromita 5, wakati seli nyingi ni nene kuliko hapo. Kwa hiyo utakuta seli isiyo na kiini; haijakikosa, kisu ndicho kilichopita juu yake au chini yake. Chukua pia mpira mrefu wa kumwagilia maji, ukunjekunje uwe rundo, kisha likate rundo lote mara moja kwa panga. Utaona miduara, mayai, na vipande virefu vilivyopinda, na vyote ni mpira mmoja. Hivyo ndivyo mirija ya figo na ya korodani inavyoonekana. Mwanafunzi anayeihesabu kuwa mirija mingi ya aina tofauti amesahau kisu.

La pili, usijifunze slaidi mojamoja. Weka mbili zinazofanana pembeni kwa pembeni. Kongosho huchanganywa na tezi ya mate ya parotidi karibu kila mwaka, kwa kuwa zote zina vishada vya zambarau na waridi. Parotidi ina mirija mingi ya waridi yenye mistarimistari, mara nyingi na seli za mafuta katikati, wala haina visiwa vilivyopauka. Tofauti hiyo ukiisoma kitabuni utaisahau. Ukihamisha macho kati ya slaidi mbili mara kumi, utabaki nayo. (Na kama kweli zambarau na waridi unaziona kama rangi moja, mwone daktari wa macho. Upofu wa rangi upo, hasa kwa wanaume, na mwenye nao hujifunza kutegemea umbo zaidi.)

Nije kwenye usingizi wako. Hilo umeliweka katikati ya sentensi nyingine kama vile linakuaibisha, na sitaki likuaibishe. Uliyekutana naye kwenye meza ile alikuwa mtu. Mwili wako umelijua hilo kabla akili yako haijapata maneno. Wengi husumbuka wiki za mwanzo, na harufu ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, ina tabia ya kuirudisha picha ukiwa mbali kabisa na chumba. Kwa wengi kinachosumbua zaidi ni uso na mikono, si tumbo wala mgongo. Mwambie mwalimu wa maabara kabla ya kipindi, si katikati yake; omba uanze na sehemu nyingine huku uso umefunikwa, simama karibu na mlango, toka ukihitaji kutoka. Hakuna mwalimu wa maana atakayekupunguzia heshima kwa hilo. Vyuo vikuu vingi hufanya hafla ya kuwashukuru watu waliotoa miili yao na familia zao. Kama chuo chako kinayo, nenda. Nimeona wanafunzi wakitoka pale wakiwa na utulivu ambao hakuna maelezo yangu yangeweza kuwapa.

Lakini kuna mpaka. Usingizi ukikukosa zaidi ya wiki mbili, picha zikikujia mchana bila kuitwa, ukianza kukwepa chakula au kukwepa vipindi, au kama umefiwa karibuni na meza ile inamrudisha marehemu wako, basi barua haitoshi. Mwone mshauri nasaha au daktari wa chuo, ana kwa ana, wiki hii. Vilevile kama una pumu au ujauzito, zungumza na kitengo cha afya kabla ya kuingia tena, kwa kuwa mvuke wa formalini unawasha njia ya hewa na si kitu cha kuchezea. Wapo wanaoweza kujifunzia kwenye viungo vilivyokaushwa kwa plastiki, mbinu ambayo Gunther von Hagens aliianzisha Heidelberg mwaka 1977, na vyuo vingi vikubwa vinavyo. Uliza.

Kuhusu kuwa mmoja kati ya 400, sina mengi. Ukumbini utabaki namba, hilo halibadiliki. Maabarani mezani mko wachache, na yule msaidizi anayezunguka ndiye mwalimu wako halisi. Usimwendee ukisema "sielewi histolojia", mwendee ukisema "nimeiona hii kuwa parotidi kwa sababu ya mirija hii, je, niko sawa?" Swali la namna hiyo hujibiwa, na anayeliuliza hukumbukwa kwa jina. Tafuta wenzako watatu, muwekeane vituo kila Jumamosi kwa saa moja, pini na kengele ya simu.

Sasa lile la kazi. Wenzako wamekosea, ingawa nisingependa kukufariji kwa maneno matamu. Shahada ya kwanza ya biolojia ya seli na anatomia, yenyewe peke yake, kwa kawaida haikupi leseni ya kumtibu mtu, na kazi nyingi za utafiti zitakudai shahada ya pili au ya tatu. Hilo lijue sasa. Inachokupa ni mikono na macho: kuandaa tishu, kutumia hadubini, kukuza seli, kusoma picha, kuandika ulichokiona bila kuongeza wala kupunguza. Watu wenye ujuzi huo wako kwenye maabara za patholojia, za uchunguzi wa vifo, za uzazi wa kusaidiwa ambako viinitete hulelewa siku za mwanzo, kwenye viwanda vya dawa, kwenye ufundishaji. Baadhi ya kazi hizo zina bodi zake za usajili, na si kila programu inatambuliwa na kila bodi. Nenda ofisini uulize ya kwako inatambuliwa na nani, upate jibu la maandishi.

Na vile visiwa vilivyopauka nilivyokwambia uviache? Aliyevieleza kwanza ni mwanafunzi. Paul Langerhans alikuwa na miaka 21 alipoviandika katika tasnifu yake mjini Berlin, mwaka 1869, na aliandika wazi kwamba kazi ya visiwa hivyo hakuijua. Miaka 52 baadaye, kiangazi cha 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, daktari wa upasuaji Frederick Banting alifanya kazi ya kuitafuta dawa iliyofichwa humo, na msaidizi wake, Charles Best, alikuwa kijana wa miaka 22 aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada ya kwanza. Wakapata insulini. Sikuambii kwamba nawe utagundua kitu. Nakwambia kwamba mwanafunzi anayetazama slaidi kwa makini na kusema ukweli kuhusu asichokijua ana nafasi halali katika sayansi hii, na chuo kikubwa kina maabara za kutosha za kumpokea.

Basi, uhame? Una wiki tatu. Mbili za mwanzo zitumie hivi: chagua sehemu moja ya mwili na ogani moja, zisome kwa karatasi tupu kama nilivyoeleza, kisha mwenzako akuwekee vituo 20. Linganisha na 38 yako. Katika muda huohuo omba kuiona karatasi yako ya mtihani, uhesabu alama zilipotea wapi. Wapo wanaokosa kwa sababu ya tahajia, wapo wanaochanganya kulia na kushoto, wapo wanaotaja ogani sahihi na kuacha kutaja kile kilichochomwa pini. Kila kosa kati ya hayo lina dawa yake, na hakuna hata moja linaloitwa "kukosa kichwa".

Kama alama zitapanda na bado kila kipindi unakihesabia dakika kiishe, kuhama ni uamuzi wa heshima, na ningekuunga mkono. Mtu anaweza kuimudu kazi asiyoipenda, lakini miaka mitatu au minne ni mirefu. Kama zitapanda na ukajikuta umebaki kwenye hadubini baada ya wenzako kuondoka, fomu irudishe tupu. Na kama hazitapanda kabisa licha ya kujipima kwa uaminifu, usiamue peke yako. Huenda kuna jambo jingine, kama usingizi wenyewe, msongo, au ugumu wa kusoma ambao haujawahi kupimwa, na hayo yanahitaji mtu wa kukutazama usoni.

Kwa vyovyote, wiki ya tatu panga miadi na mshauri wa masomo kabla fomu hazijafungwa. Muulize 38 hiyo ina uzito gani katika alama ya mwaka, kama mtihani wa vitendo unarudiwa, na kama ukihama unaweza kurudi. Nenda na karatasi zako za michoro, ya kwanza na ya mwisho, aone mwenyewe mapengo yalivyokuwa na yalivyo sasa.